Papa ni samaki, ni askofu, ni kiazi, ni mbwa

Katika Kihispania cha Amerika ya Kusini mtoto anaweza kumuuliza mzazi wake hivi bila kuvunja kanuni hata moja ya sarufi: "Papá, ¿el Papa come papas?" Yaani, baba, hivi Papa hula viazi? Maneno matatu yanasikika karibu sawa na hakuna anayepotea. Baba anatambulika kwa mkazo unaoangukia silabi ya mwisho, mkuu wa Kanisa kwa kitangulizi cha kiume, na viazi kwa wingi wao. Mtoto huyo akikua akajifunza Kiswahili, atakuta papa ni samaki mwenye safu za meno. Akifika jangwa la katikati ya Australia, kwa Wapitjantjatjara, atakuta papa ni mbwa.

Mfanano wa namna hii huwapoteza watu kwa njia mbili. Wapo wanaotangaza papo hapo kwamba lugha hizo ni ndugu, kwamba kuna uhamaji wa kale uliosahaulika na wataalamu wanauficha. Wapo pia wanaosema maneno ni kubahatisha tu, hakuna cha kuelezwa. Wote wana haraka. Papa wa lugha za dunia wamezaliwa kwa njia zisizopungua tatu: wengine kinywani mwa mtoto mchanga, wengine kwa safari za watu waliokopeshana maneno, na wengine kwa sadfa tupu. Ugumu uko katika kujua yupi alizaliwa wapi, maana sura yao ni moja.

Tuanze na Kiswahili, kwa sababu hata humu ndani papa si mmoja. Kuna papa wa baharini. Kuna Papa wa Roma. Kuna kitenzi kupapa, pale moyo unapomdunda mtu kwa hofu, ambacho hakiko mbali na kupapatika. Halafu kuna papa ya "papa hapa", ambayo si jina la kitu chochote; ni pa- ya mahali iliyorudiwa ili kutia mkazo, ileile inayotupa "papo hapo" na "pale pale". Kamusi nzuri haiyachanganyi haya. Huyapa kila moja kidahizo chake na kuweka tarakimu ndogo pembeni, kwa kuwa ni homonimu: maneno yaliyofikia sura moja kila moja kwa njia yake. Hali hiyo ni tofauti na mguu wa mtu na mguu wa meza, ambao ni neno moja lililonyoosha maana yake hadi kwenye samani.

Tena sarufi ya Kiswahili haitusaidii sana hapa. Samaki na askofu wote wana uhai, wote huchukua a- na wa-. "Papa ameonekana ufukweni" ni habari mbili tofauti kabisa, na anayeisikia redioni hana herufi kubwa ya kumwokoa.

Papa mwenye nyaraka

Papa wa Roma ndiye mwenye historia iliyoandikwa vizuri kuliko wote, kwa hiyo yeye ndiye atakuwa kipimo cha hao wengine. Katika Kigiriki cha kale, pappas lilikuwa neno la mtoto la kumwita baba yake. Wakristo wa mwanzo walilichukua na kuwaita hivyo viongozi wao, kwa heshima iliyochanganyika na mapenzi. Kufikia karne ya 3 lilikuwa likitumika kwa askofu wa Aleksandria nchini Misri, na mpaka leo mkuu wa Kanisa la Kikopti huitwa Papa wa Aleksandria, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani kuna Papa mmoja tu duniani. Upande wa magharibi neno likaingia katika Kilatini kama papa, likawahusu maaskofu mbalimbali, kisha likaanza kubana hadi likabaki kwa askofu wa Roma. Mwaka 1075, katika orodha ya kanuni za Papa Gregori VII iitwayo Dictatus Papae, ilisisitizwa kwamba jina hilo ni moja tu duniani.

Mashariki mambo yakaenda kinyume: badala ya kupanda, neno likashuka. Kwa Wagiriki wa leo papas ni padri wa kawaida wa parokia, na kwa Warusi padri huitwa pop, neno lenye dharau kidogo. Waturuki walilipokea kutoka kwa Wagiriki wakapata papaz, padri wa Kikristo. Na kwenye karata zao papaz ndiye mfalme. Kiarabu hakina sauti p, hivyo Papa akawa al-Baba. Kiswahili kikafanya yote mawili kwa mkupuo. Tunasema Papa, halafu tunasema Baba Mtakatifu, na ukichimba hadi kwenye mzizi wa Kigiriki tunarudia jambo moja mara mbili.

Tawi jingine la neno hilihili lilikimbilia kwenye baridi. Kaskazini mwa Uskoti kuna visiwa viitwavyo Papa Westray na Papa Stour. Mabaharia wa Skandinavia walipofika pande zile waliwakuta watawa wa Kikristo na kuwaita papar, neno lililotoka kwenye Kilatini kupitia Kiairishi. Mwandishi wa Aisilandi, Ari Þorgilsson, aliandika katika karne ya 12 kwamba watawa hao walikuwako Aisilandi pia na waliondoka kwa kutotaka kuishi na wapagani, wakaacha vitabu, kengele na fimbo zao za kichungaji. Siku hizi Papa Westray inajulikana kwa jambo jingine kabisa: safari ya ndege ya ratiba iliyo fupi kuliko zote duniani, chini ya dakika mbili kutoka kisiwa jirani cha Westray. Abiria anatua kwenye jina lililoanzia kinywani mwa mtoto wa Kigiriki, na hakuna papa wa Kiswahili anayehusika.

Nimekaa hapa kwa sababu hivi ndivyo ushahidi unavyotakiwa kuwa. Kila hatua ina watu waliobeba neno, ina wakati wake, ina maandishi, na mabadiliko ya sauti yanaelezeka kwa kanuni za lugha husika. Papa wa Roma, papaz wa karata na kisiwa cha Uskoti havifanani hata kidogo kimaana, lakini ni ndugu wa damu. Samaki wetu anafanana na Papa herufi kwa herufi, na hana undugu naye wowote.

Kinywa cha mtoto

Lakini pappas ni neno la mtoto, na mtoto naye alilitoa wapi? Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwanaanthropolojia Mmarekani George Peter Murdock alikusanya maneno 1,072 ya kuwaita mama na baba kutoka lugha za kila pembe ya dunia. Alikuta mwelekeo usiofichika: majina ya mama yanaelemea sauti m na n, majina ya baba yanaelemea p, b, t na d. Lugha zisizowahi kukutana zilikuwa zinaimba wimbo uleule. Roman Jakobson, mwanaisimu mzaliwa wa Urusi aliyekuwa akifundisha Marekani, akatoa maelezo ambayo hadi sasa ndiyo yanayokubalika zaidi.

Sauti p, b na m hutolewa kwa kufunga midomo miwili. Hazihitaji ulimi kwenda popote. Irabu a hutolewa kwa kuachama. Ukifunga midomo kisha ukaachama, tayari umesema pa, ba au ma. Ukirudia, una papa, baba, mama. Hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote ambayo kinywa cha binadamu kinaweza kufanya, na mtoto huianza kabla hajawa na chochote cha kusema. Hamwiti mtu. Ni wazazi wanaoinama juu ya kitanda, kila mmoja akiwa na hamu ya kusikia jina lake, ndio wanaoamua kwamba wameitwa. Kuhusu kwa nini m iende kwa mama, Jakobson alieleza kwamba mtoto aliye kwenye titi midomo yake imezibwa, na mlio anaoweza kutoa unapitia puani. Mlio huo ukaja kuwa dalili ya njaa, ya maziwa, na ya yule anayeyaleta.

Huu ni mwelekeo tu. Haujawahi kuwa amri. Kijojia, lugha ya milima ya Kaukazi, kinasema mama na kumaanisha baba. Mama ni deda. Kipitjantjatjara nacho kinasema mama kwa baba, na papa, kama tulivyoona, ni mbwa. Katika Kitamil baba ni appa, na pappa ni mtoto mwenyewe, yule mchanga: mlio umerudishwa kwa aliyeutoa, jambo ambalo binafsi naliona la haki.

Warumi nao walikuwa na pappa, likiwa ni neno la mtoto la kuomba chakula. Tawi hili lina safari ya kuchekesha. Kiitaliano bado kina pappa, uji wa mtoto. Lugha za Kijerumani zikawa na pap, uji mzito, kisha uji wa kugandishia, yaani gundi. Karatasi zilizogandishwa pamoja kwa gundi hiyo zikaitwa Pappe, kadibodi. Warusi wakalikopa, wakaongeza kiambishi chao, wakapata papka, jalada la kuhifadhia nyaraka, ambalo leo ni pia folda ya kwenye kompyuta. Na kwa kuwa baba kwa Kirusi ni papa, na kiambishi kilekile kinaweza kuongezwa kwa utani, papka anaweza pia kuwa mzee wako.

Wajapani na fumbo la midomo

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Japani. Mama kwa Kijapani ni haha, baba ni chichi. Hakuna midomo inayogusana katika haha. Lakini katika mkusanyiko wa mafumbo wa mwaka 1516, unaohusishwa na mfalme Go-Nara, kuna hili: kwa mama hukutana mara mbili, kwa baba hazikutani hata mara moja. Jibu ni midomo.

Fumbo hilo leo halifanyi kazi. Sema haha mara mia, midomo haitakutana. Lilifanya kazi kwa sababu zamani sauti ile ilitoka midomoni. Wanaisimu wameifuatilia: h ya Kijapani cha leo ilikuwa aina ya f ya midomo miwili, na kabla ya hapo ilikuwa p. Wamisionari Wareno waliochapisha kamusi kubwa ya Kijapani huko Nagasaki mwaka 1603 waliandika f mahali ambapo leo kuna h. Ukirudi nyuma kabisa, basi, Wajapani walimwita mama papa. Kisha karne zikapita, p ikalegea ikawa f, f ikalegea ikawa h, neno likapoteza sura yake ya kitoto. Na katika nyakati za karibuni Wajapani wakakopa upya kutoka Ulaya papa na mama wanayotumia watoto wao leo, safari hii papa akiwa baba.

Mtu anayezungumza Kikuyu pamoja na Kiswahili hahitaji kwenda Japani kuona p ikiwa h. Kulipa kwa Kikuyu ni kũrĩha, kupona ni kũhona, na hapa ni haha. Mabadiliko ni yaleyale, yamefanyika kivyake upande mwingine wa dunia, na matokeo yake ni kwamba haha ni "mama" kwa Kijapani na "hapa" kwa Kikuyu. Atakayejenga nadharia ya uhamaji juu ya jozi hiyo atakuwa amejenga juu ya mchanga. Angalia lakini tofauti kati ya jozi ya Kikuyu na Kijapani, na jozi ya Kikuyu na Kiswahili. Ile ya kwanza ni moja, imekaa peke yake. Hii ya pili inajirudia: lipa na rĩha, pona na hona, hapa na haha, kila mara p upande huu na h upande ule. Kujirudia huko ndiko kunakothibitisha undugu, hata pale ambapo maneno yenyewe hayafanani kwa sauti.

Na hapo ndipo nadharia moja yenye mvuto inapoyumba. Wapo wanaisimu, Merritt Ruhlen wa Marekani akiwa miongoni mwa waliojulikana zaidi, walioshikilia kwamba maneno kama papa na mama yamesalia kutoka lugha moja ya kwanza ya wanadamu wote. Wazo ni zuri na wengi wangependa liwe kweli. Shida ni kwamba sauti hazikai zilivyo kwa muda mrefu hivyo. Chukua Kilatini na Kiingereza, ambazo undugu wake haubishaniwi. Kilatini kina pater, piscis na pes. Kiingereza kina father, fish na foot. P ya kale iligeuka f katika tawi la Kijerumani lote, kanuni ambayo Jacob Grimm aliiweka wazi mwaka 1822. Kama Waingereza wangekuwa wamerithi papa kutoka kwa mababu wa maelfu ya miaka iliyopita, leo wangekuwa wanasema kitu kama fafa. Hawasemi hivyo. Papa yao waliikopa kutoka Kifaransa katika karne ya 17.

Neno la kurithiwa huchakaa, na kuchakaa kwake ndiko kunakolitambulisha. Papa halichakai kwa sababu halirithiwi kama maneno mengine. Kila kizazi cha watoto kinaleta jipya kutoka kiwandani.

Kiazi kilichobadilishwa jina njiani

Papa wa Andes hana uhusiano wowote na watoto. Ni neno la Kikechua, lugha iliyoenezwa na dola la Inka, na linamaanisha kiazi cha mviringo, zao ambalo watu wa milima ile walikuwa wakililima kwa maelfu ya miaka kabla ya Mhispania wa kwanza kufika. Majirani zao Waaymara wanakiita ch'uqi, kwa hiyo hakuna kitu chochote kwenye kiazi chenyewe kinachodai kuitwa papa. Pedro Cieza de León, askari aliyeandika habari za Peru, aliwaambia wasomaji wa Ulaya juu ya papas mwaka 1553.

Wahispania lakini walikuwa tayari wameshakutana na kiazi kingine. Kwenye visiwa vya Karibi, Wataino walikuwa na kiazi kitamu wakikiita batata, na hicho kilifika Hispania mapema zaidi. Viazi viwili, majina mawili yanayokaribiana, na wasafirishaji wasiojali tofauti. Nchini Hispania majina hayo yakagongana yakazaa patata, lenye p ya Kikechua na mwili wa Kitaino. Waingereza wakachukua batata wakalifanya potato, kwanza kwa kiazi kitamu, baadaye kwa kile kingine. Wareno wakabaki na batata na wakalihamishia kwenye kiazi cha Andes. Kutoka kwa Wareno likaingia Kiswahili: mbatata. Kwa hiyo anayesema mbatata anakiita kiazi cha milima ya Peru kwa jina la kiazi kingine, kutoka lugha ya visiwa vya Karibi, kupitia midomo ya mabaharia wa Lisbon.

Kuna hadithi inayopendwa sana kwamba Wahispania waliacha papa wakashika patata kwa kuogopa kumvunjia heshima Baba Mtakatifu. Inanoga, na sioni sababu ya kuiamini. Waumini wa Mexico, Kolombia na Peru hawakuwa Wakatoliki wa daraja la pili, na wao hadi leo wanakula papas bila dhamiri kuwasuta. Mgongano na batata unatosha kueleza kila kitu.

Wareno hao hao walituletea papai. Neno papaya lilitoka lugha za Karibi, likapita Kihispania na Kireno, likatua kwetu kama jina la tunda, na mti wake tukauita mpapai kwa kanuni zetu wenyewe. Sasa mwambie Mbrazili neno papai. Atasikia "baba", tena kwa namna ya kudeka; hata yule mzee wa Krismasi huko kwao ni Papai Noel. Tunda lenyewe Wabrazili wanaliita mamão, kutokana na mama, neno lao la titi, kwa umbo lake. Tunda tunaloliita kwa neno linalofanana na baba, wao wanaliita kwa neno linalotokana na mama, na hakuna mzazi yeyote aliyehusika katika asili ya papai letu.

Sadfa ina hesabu yake

Wengi hukubali mambo ya watoto na ya mabaharia, lakini wakifika kwenye sadfa husita. Haiwezekani, husema, neno zima lilingane kwa bahati tu. Inawezekana, na kwa neno kama papa ni karibu lazima.

Chukua Kihawaii. Kina konsonanti 8 na irabu 5. Silabi yake ni konsonanti na irabu, au irabu peke yake. Ukiacha urefu wa irabu na miungano yake, unapata silabi 45. Maneno yanayoweza kuundwa kwa kurudia silabi moja mara mbili ni 45 tu, ilhali vitu vya kutaja ni maelfu. Lugha haiwezi kuacha sura fupi na nyepesi kama papa ikae bure. Wahawaii wameitumia kwa kitu bapa: ubao, tabaka, mwamba uliolala. Papa heʻe nalu ni ubao wa kutelezea juu ya mawimbi. (Mswahili anayesikia kwamba mtu ameingia baharini juu ya papa ana haki ya kupata wasiwasi.) Ndugu zao Wamaori wa New Zealand wana papa hiyohiyo ya kitu bapa, na ndani yake wana Papatūānuku, Ardhi aliye mama wa viumbe, mke wa Ranginui, Mbingu. Papa huyo basi ni mama, na hakuanza kama mlio wa mtoto. Alianza kama mwamba.

Lugha zilizo hai duniani zinakadiriwa kufikia 7,000 hivi. Nyingi zina p, takriban zote zina a, na kurudia silabi ni mbinu ya kawaida kila mahali. Ukiuliza ni ngapi kati yake zina neno papa lenye maana yoyote ile, jibu la kushangaza lingekuwa "chache".

Sadfa huweza hata kulenga maana. Askari wa Hernán Cortés walipoingia Mexico walisikia makuhani wa Waazteki wakiitwa papas, na Bernal Díaz del Castillo aliyekuwa miongoni mwao anatumia neno hilo katika kumbukumbu zake. Kwa Mkatoliki wa karne ya 16 hilo lingeweza kuonekana muujiza. Asili yake ni neno la Kinahuatl lililohusu nywele ndefu zilizosokotana, ambazo makuhani hao hawakuzikata. Na huko kaskazini mwa Queensland, Australia, mwanaisimu R. M. W. Dixon aliporekodi lugha ya Kimbabaram katika miaka ya 1960, aliambiwa kwamba mbwa anaitwa dog, karibu sawasawa na Kiingereza. Si mkopo. Lugha jirani ya Kiyidiny ina gudaga, na mabadiliko ya sauti ya Kimbabaram, yaleyale yaliyobadilisha maneno yake mengine, yanalipunguza neno hilo hadi kufika pale. Sauti sawa, maana sawa, undugu hakuna.

Swali la kumuuliza papa yeyote anayejitokeza, basi, si "unafanana na nani?" Muulize alikuwa anasikikaje miaka mia tano iliyopita, nani alimbeba, na kama maneno mengine ya lugha yake yamepita njia ileile. Indonesia ni mahali pazuri pa kujaribia. Kiindonesia kina papa wawili. Mmoja ni maskini hohehahe. Huyu alitoka Kisanskriti, ambako pāpa ni uovu au dhambi, akaja na dini na maandiko ya Kihindi, na njiani uovu ukalainika ukawa taabu na ufukara. Nchini India kwenyewe Kihindi kimebaki na pāp ya dhambi, na pembeni yake pāpā ya baba, wasiojuana. Papa wa pili wa Indonesia ni baba, na huyo waliletewa na Wadachi.

Kiongozi wa Kanisa Katoliki lakini Waindonesia hawamwiti papa. Walichukua jina la Kidachi, Paus, ambalo nalo limetokana na pappas yuleyule wa Kigiriki, ila limesuguliwa na karne za matamshi ya kaskazini hadi halitambuliki. Na paus kwa herufi ndogo, neno la Kimalai lisilohusiana naye kabisa, kwa Kiindonesia ni nyangumi.